Gurudumu kwa Kaka, Ngata kwa Dada

Wasikilizaji wa Kiwanja na Rutshuru-centre, leo tuongee juu ya kazi moja ambayo kila nyumba inaifanya usiku na mchana bila kuiitia kikao, yaani kumfundisha mtoto kwamba yeye ni mvulana, basi atafanya hili. Yeye ni msichana, basi atafanya lile.

Tazameni barabara kuu saa kumi jioni, ile inayotoka Goma ikielekea Kanyabayonga. Watu wanarudi kutoka shambani. Maharagwe, mahindi, mihogo, kuni, makala, ndizi, vyote vinaingia mjini kwa nguvu za mwili. Angalieni nani anabeba, na anabeba vipi. Vijana wa kiume wanasukuma chukudu, chombo chetu cha mbao chenye magurudumu. Wanawake na wasichana wamejitwika kichwani juu ya ngata, au wamebeba mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso. Shamba ni lile lile, mzigo ni ule ule, barabara ni ile ile. Kaka amepewa gurudumu, dada amepewa ngata. Nani aliyegawa?

Chukudu ni fahari yetu sisi watu wa Kivu Kaskazini. Ilianza kuonekana katika milima yetu miaka ya 1970, nchi ikiwa bado inaitwa Zaire, na hadi leo haina mpinzani pale ambapo lori ni ghali na petroli ni ya kubahatisha. Mwaka 2009 mji wa Goma uliisimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu, mtu na chukudu yake imebeba dunia nzima. Kila mgeni hupiga picha pale. Na mtu yule wa dhahabu, mkiangalia vizuri, ni mwanaume. Hakuna aliyeshangaa, maana hata sisi tukifumba macho na kuwaza chukudu, tunamwona mwanaume.

Lakini chukudu hujifunzwa. Mti ni wa mkalitusi, magurudumu ni ya mbao yaliyovishwa mpira wa tairi kuukuu, ndani kuna beringi za gari lililokufa, nyuma kuna kipande cha mpira cha kukanyagia breki, na katikati kuna kiatu cha zamani kilichogongwa misumari ili goti lisichubuke. Hakuna mtoto anayezaliwa akijua kuteremka mlima na chombo kama hicho kikiwa na mzigo wa kilo mia kadhaa. Mvulana wa miaka sita hujitengenezea chukudu ya kuchezea kwa mabaki ya mbao, na hakuna anayemfukuza. Akianguka, wakubwa wanacheka, wanamwinua, wanamwambia, "Panda tena, wewe ni mwanaume." Akifika miaka kumi na miwili anasukuma kwa nyuma chukudu ya kaka yake kwenye kilima. Akifika kumi na mitano anabeba mizigo ya watu kwa malipo.

Dada yake naye alikuwa pale pale uwanjani. Naye alitaka kupanda. Akaambiwa, "Shuka hapo! Wewe umekuwa mvulana?" Watoto wenzake wakacheka, naye akashuka. Sentensi hiyo moja inafanya kazi kuliko sheria yoyote ya Kinshasa. Haikuandikwa mahali, hakuna polisi anayeisimamia, na binti huyo hataisahau. Wala hakuna aliyempima kuona kama miguu yake haina nguvu. Na jioni hiyo hiyo atatumwa maji, abebe bido la lita ishirini, yaani kilo ishirini zikikandamiza shingo ya mtoto wa miaka kumi. Kwa hiyo tusiseme kwamba tulimzuia kwa sababu ya udhaifu. Mtu dhaifu habebeshwi kilo ishirini kichwani.

Halafu njooni kwenye hesabu. Mzigo wa chukudu unaitwa kazi, na kazi ina malipo. Mzigo wa kichwani unaitwa kumsaidia mama, na kumsaidia mama hakuna malipo. Miaka kumi baadaye kaka ana chombo chake, ana wateja sokoni wanaomjua kwa jina, ana franka mfukoni. Dada ana maumivu ya shingo na sifa kwamba ni msichana mwenye bidii. Wakikaa pamoja kuzungumzia mali ya nyumba, kaka anasema kwa sauti kubwa kwa sababu ana cha kuonyesha. Sisi tunaotazama tunasema, "Mnaona, wanaume wamezaliwa na uongozi." Tumesahau kwamba tulimpa gurudumu akiwa na miaka sita.

Najua kuna mzee anayenisikiliza sasa hivi anatikisa kichwa. Anasema, "Mwanangu, hiyo ni kazi ya Mungu. Mwanaume ana umbile lake, mwanamke ana lake." Mzee wangu, shikamoo. Maumbile yapo, sibishani nayo. Mwanamke ndiye anayebeba mimba na kunyonyesha, na hakuna semina itakayobadilisha hilo. Lakini nina mtihani mdogo wa kutuonyesha lipi ni umbile na lipi ni mafunzo. Tuangalie kama kazi inahama mikono pale fedha inapoingia. Kitu cha umbile hakihami.

Tuchukue jiko. Hapa kwetu mwanaume akikutwa anakoroga ugali, majirani wanauliza mke wake amemlisha nini. Ni sawa? Sasa rudini nyuma hadi wakati wa Wabelgiji. Kwenye nyumba za wazungu wenye mashamba ya kahawa, nani alikuwa anapika? Alikuwa mwanaume. Wazee wanamkumbuka boyi aliyevaa aproni nyeupe, aliyejua kuoka mkate, kutengeneza supu, kufua na kupiga pasi kola hadi isimame. Mikono ile ile, ikifika nyumbani jioni, ilikuwa haiwezi hata kuosha sahani. Sababu ni kwamba kwa mzungu jiko lilikuwa na mshahara, na nyumbani halikuwa nao.

Msiseme hayo yamepita na wazungu. Usiku mkipita kando ya baa, anayegeuza brosheti juu ya makala ni nani? Ni mwanaume. Ananunua mbuzi, anachinja, anakatakata, anatia chumvi na pilipili, anachoma, anahudumia, na hakuna anayemcheka. Kando ya soko, kwenye cherehani zilizopangwa mbele ya maduka ya vitambaa, wengi wanaoshona ni nani? Ni wanaume, ingawa binti zetu ndio tunaowaambia kwamba kushika sindano ni kazi yao. Kazi ikiwa ya bure inaitwa ya kike. Siku inapoanza kulipa, tunaikuta mikononi mwa wanaume. Umbile gani hilo linalonusa fedha?

Na kuna jambo jingine tunalopenda kuliita mila ya mababu ambalo mababu wasingelitambua. Bibi zetu wa milima hii walikuwa wakulima. Jembe lilikuwa lao, ghala lilikuwa mkononi mwao, mbegu walizijua wao. Aliyewaambia kwamba mwanamke ni mtu wa ndani ni shule ya ukoloni. Wabelgiji walifungua vituo vya kina mama walivyoviita foyer social, na humo mwanamke wa Kikongo alifundishwa kushona, kupiga pasi, kupika na kulea mtoto kwa mtindo wa Ulaya, ili awe mke wa kumfaa karani. Wakati huo mvulana alikuwa anafundishwa Kifaransa na hesabu ili awe karani mwenyewe. Chuo Kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954. Mwanamke wa kwanza wa Kikongo kupata digrii ya chuo kikuu, Sophie Kanza, aliipata mwaka 1964, uhuru ukiwa umekwisha timiza miaka minne. Mwaka 1966 akawa mwanamke wa kwanza kuwa waziri katika nchi yetu. Leo hii mama anayelima tangu alfajiri hadi jua linazama, akiulizwa kazi yake ili iandikwe kwenye karatasi, anajibu kwamba yeye ni wa nyumbani tu. Anakana jembe lake mwenyewe kwa sababu alifundishwa kwamba jembe halihesabiki.

Tuingie sasa ndani ya nyumba, tuone mafunzo yanavyotolewa.

Yanaanza na jina. Kwa ndugu zetu Wanande, ambao ni wengi hapa Kiwanja, wavulana wana orodha yao na wasichana wana yao. Ukisikia Paluku, Kambale, Kasereka au Kakule, unajua ni mvulana na unajua ni wa ngapi kwa mama yake. Ukisikia Masika, Kavira au Kahambu, unajua ni msichana. Ni utaratibu mzuri, unampa mtoto nafasi yake katika ukoo tangu siku ya kwanza, nami naupenda. Ila tujue kwamba kabla mtoto hajafumbua macho vizuri, jamii imekwisha mwandikisha, na pamoja na jina inampa matarajio. Paluku atarithi shamba. Masika ataolewa.

Kwa ndugu zetu wa pwani ya Tanzania mafunzo haya yalikuwa na msimu wake. Palikuwa na jando kwa wavulana na unyago kwa wasichana, pamoja na kungwi na ngoma, na mtoto alijua kwamba sasa anafundishwa. Kwetu hapa hakuna msimu. Unyago wa binti wa Kiwanja unaendelea kila jioni, kimyakimya, na kwa sababu ni wa kimya tunadhani haupo.

Angalieni jioni moja ya binti wa miaka kumi na miwili. Anatoka shule saa saba. Anavua sare, anakwenda maji. Akirudi, anachambua sombe, anaitwanga kwenye kinu, anawasha mbabula, anapepea makala hadi yashike, macho yakimtoka machozi. Mdogo wake mgongoni analia. Chungu kikiwa motoni anafagia uwanja. Watu wakila, yeye anagawa. Wakimaliza, yeye anaosha. Taa inapokuwa huru ni saa tatu ya usiku, na daftari analolifungua linakuwa kama mto wa kulalia. Kaka yake, mtoto wa tumbo moja, alitoka shule saa ile ile. Alicheza mpira, akaoga maji yaliyoletwa na dada, akala, akafanya zoezi la hesabu. Mwisho wa mwaka kaka anapata asilimia sabini, dada anapata arobaini na nane. Baba anasema, "Huyu msichana hana kichwa cha shule." Baba yangu, kichwa anacho. Kilikuwa na bido juu yake.

Tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya serikali ni ya bure, kama Katiba ya 2006 ilivyoahidi katika kifungu cha 43. Madarasa yalifurika, na wasichana wengi waliokuwa wamebaki nyumbani waliingia. Lakini bure hiyo inaishia kwenye msingi. Ukifika sekondari, minervali, yaani ada ya shule, inarudi, na ndipo wazazi wanapokaa usiku kuchagua. Mbuzi ni mmoja, watoto ni wawili. Mara nyingi jibu linajulikana kabla ya swali: msichana ataolewa, elimu yake ataipeleka kwa watu wengine. Na yule msichana anayefaulu kuendelea, tunamwelekeza kwenye ualimu au ushonaji. Mvulana tunamwelekeza kwenye umekanika, umeme na ujenzi. Halafu tunaangalia karakana na kusema, "Mbona wasichana hawapendi vyuma?"

Kuhusu shamba, hapa ndipo penye msumari wenyewe. Katika Bwisha, uchifu wetu huu, ardhi imebanwa. Upande mmoja watu wanaongezeka, upande mwingine kuna Mbuga ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925. Kila shamba lina ugomvi wake. Sheria ya Familia ya mwaka 1987 inawapa watoto wote, wa kiume na wa kike, haki sawa ya kurithi. Huu ni mwaka wa ngapi tangu 1987? Bado binti akiuliza sehemu yake anaambiwa, "Wewe utakula kwa mume wako." Akifika kwa mume, anaambiwa, "Hili shamba ni la ukoo wetu." Kwa hiyo yule anayelima zaidi kuliko wote katika eneo hili analima maisha yake yote kwenye ardhi ya wengine. Na mume akifa, anaweza kuamka asubuhi akakuta shemeji wamekwisha pima mipaka.

Sheria yenyewe nayo imekuwa mwalimu wa namna mbili. Ile ya 1987 ilimtaka mwanamke mwenye mume apate ruhusa ya mume ndipo afungue mashtaka au atie sahihi mkataba. Ruhusa hiyo iliondolewa kwa marekebisho ya Julai 2016, na ni jambo la kushukuru. Kabla ya hapo, mwaka 2015, tulikuwa tumepata sheria ya usawa kati ya wanawake na wanaume katika uongozi. Na mwezi wa Aprili 2024 Judith Suminwa akawa mwanamke wa kwanza kuteuliwa waziri mkuu wa Kongo. Lakini sheria ile ile iliyorekebishwa 2016 bado inamwita mume kiongozi wa nyumba. Na binti wa hapa Kiwanja anaweza kumsikia waziri mkuu mwanamke kwenye redio, kisha akakatazwa kukaa kwenye kikao cha familia kinachojadili mahari yake mwenyewe.

Sasa baba zangu na vijana wa kiume, msizime redio mkidhani leo ni siku ya kuwasema. Mafunzo haya yanawaumiza na ninyi, na hapa Kiwanja tunajua hivyo kuliko watu wengi duniani.

Mnakumbuka Novemba 2008. Tarehe 4 na 5, baada ya mapigano kati ya wapiganaji wa Mai-Mai na kundi la waasi la CNDP la Laurent Nkunda, wapiganaji wa CNDP walipita nyumba kwa nyumba katika mji huu. Shirika la Human Rights Watch liliandika kwamba waliouawa walikuwa kama watu 150, wengi wao wanaume watu wazima na vijana wa kiume, wakituhumiwa kuwa Mai-Mai. Kijana hakuulizwa kama amewahi kushika bunduki. Kuwa mwanaume mwenye nguvu kulitosha kuwa ushahidi. Mwenye kosa ni aliyeua, na hilo lisigeuzwe. Lakini muuaji naye alikuwa amefundishwa mahali fulani kwamba mwanaume maana yake ni mpiganaji, na kwamba kila mvulana anayekua ni askari wa kesho. Somo hilo hilo ndilo linalotumika kuwaandikisha watoto wetu katika makundi yenye silaha. Anayekataa anaambiwa, "Wewe ni mwanamke?" Angalieni lile swali la uwanjani lilivyogeuzwa. Kule lilimshusha msichana kwenye chukudu, huku linampandisha mvulana kwenye lori la vita.

Kisha kuna waliobaki hai. Wanaume waliowazika kaka zao wakaambiwa, "Mwanaume halii." Hawakulia. Mji ukatekwa tena Julai 2012, ukatekwa tena Oktoba 2022, na kila mara wakafunga midomo. Uchungu usiotoka machoni hutafuta mlango mwingine. Wengine wameupeleka kwenye pombe ya kasiksi na kanyanga, wengine kwenye ngumi wanazowapiga wake zao. Na wale waliokimbilia kambi za Kanyaruchinya karibu na Goma waligundua kwamba mwanaume aliyefundishwa kuwa yeye ni shamba lake na ng'ombe wake, akivipoteza vyote viwili, hajui tena yeye ni nani. Mke wake alibeba ndoo, akafua nguo za watu, akauza mafungu ya nyanya, watoto wakala. Yeye alikaa mlangoni mwa hema. Hakuna aliyemzuia kufua nguo isipokuwa sauti aliyofundishwa akiwa mtoto.

Na kuna hesabu moja ya kutisha ambayo vita imezilazimisha nyumba zetu kuifanya. Kuni ziko msituni, na msituni kuna watu wenye bunduki. Baba akienda wanaweza kumuua, mama akienda wanaweza kumbaka. Nyumba ngapi zimeamua kwamba mama ndiye aende? Siwahukumu waliochagua wakiwa na njaa. Lakini tuone jinsi kazi iliyoitwa ya kike tangu utoto ilivyogeuka kuwa njia ya hatari, na jinsi mama anavyorudi na jeraha kisha kulaumiwa yeye, afukuzwe na mume ambaye ugali wake ulipikwa kwa kuni hizo hizo. Daktari Denis Mukwege wa Hospitali ya Panzi, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 2018, amesema mara nyingi kwamba kushona majeraha ya wanawake hakutoshi, na kwamba malezi ya wavulana lazima yabadilike. Ni daktari wa upasuaji, na anatuambia kwamba kazi yake ingepungua kama sisi wazazi tungefanya yetu.

Hapo nasikia mtu anasema, "Haya ni mambo ya mashirika. Wanakuja na semina zao za jenda kuvunja ndoa zetu." Ndugu yangu, kuhusu semina nakuelewa. Tumeziona. Watu wanakusanyika ukumbini, wanapewa soda na nauli, wanapiga picha, na jioni kila mtu anarudi kukaa mahali pake pa zamani, mama jikoni, baba kwenye kiti. Siku mbili za ukumbini haziwezi kushindana na miaka kumi na mbili ya uwanjani. Lakini ubaya wa semina hauliondoi swali.

Na mwingine anasema, "Mbona mama zetu ndio wanaofundisha hivyo? Mama ndiye anayemwita binti jikoni na kumwacha mvulana acheze." Ni kweli. Ila tumuulize mama kwa nini. Atajibu kwamba kesho binti yake ataenda kwa watu, na kule watamtazama anavyopika, anavyoamka, anavyoinama kusalimia. Akishindwa, atakayetukanwa ni mama: "Hukufundishwa kwenu?" Mama anamwandaa binti kwa mtihani anaoujua. Baba naye anamkataza mvulana kushika ufagio kwa sababu anaogopa wenzake wa kwenye baa watasema nini. Kila nyumba inalea watoto ikichungulia nyumba ya jirani, na jirani naye anachungulia kwetu. Sote tunaogopana. Hicho ndicho tunachokiita mila, na ndiyo maana nyumba moja peke yake inaona ugumu kubadilika. Mvulana mmoja akibeba maji, anachekwa. Wavulana wote wa mtaa wakibeba maji, nani atabaki wa kucheka?

Kwa hiyo ninayopendekeza leo yanahitaji watu zaidi ya nyumba moja. La kwanza, ninyi wa mtaa mmoja, nyumbakumi na majirani, kubalianeni kwamba maji ya jioni yanaletwa na watoto wote, kwa zamu, wavulana na wasichana. Waanze siku moja, pamoja, ili asiwepo wa kwanza kuchekwa. Walimu, mnaweza kuanza nalo shuleni. Kufagia darasa na kuteka maji kusiwe kwa wasichana huku wavulana wakipanga mpira.

La pili ni kwa mama zetu wa vikundi vya kuweka akiba. Mnajua kukusanya fedha kila wiki na kugawana mwisho wa mwaka. Nunueni chukudu ya kikundi. Binti zenu wajifunze kuiendesha wakiwa wadogo, kwenye kilima kidogo, kama kaka zao walivyojifunza. Wiki ya kwanza watu watasimama kutazama. Wiki ya nne watauliza bei ya kubeba gunia.

La tatu ni kwa baba wenye shamba. Kabla hujaumwa, waite watoto wote na wazee wa ukoo, gawa, na karatasi iandikwe yenye majina ya binti zako, ishuhudiwe na chifu wa mtaa. Sheria iko upande wako tangu 1987. Binti mwenye shamba haolewi kwa njaa, na mume akimpiga ana mahali pa kurudi ambapo hakuna atakayemwambia amekuja kula cha watu.

La nne halina gharama hata ya franka moja. Mvulana akilia, mwache alie, halafu muulize nini kimemuuma. Mchungaji, padri, imamu, mnaweza kulisema hilo siku ya ibada, na mkilisema ninyi litaaminika kuliko nikilisema mimi.

Siombi kwamba mwanaume awe mwanamke au mwanamke awe mwanaume. Ninachodai ni kwamba tuache kumsingizia Mungu ratiba ya kazi tuliyoipanga sisi wenyewe. Tuliipanga, tunaweza kuipangua.

Simu ziko wazi sasa, na nitawapokea kwa zamu, mama mmoja, baba mmoja. Swali la leo ni hili: katika nyumba yako, ni kazi gani ambayo mvulana hajawahi kupewa, ni ipi ambayo msichana hajawahi kuruhusiwa kuijaribu, na nani hasa aliyekataza? Mkinijibu kwamba ni mila, nitawauliza jina la mtu. Haya, wa kwanza yuko hewani. Karibu, mama, tunakusikiliza.